Fundi cherehani na maltipo sklerosisi: kisa cha Moshi

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 34, fundi cherehani, mkazi wa Majengo hapa Moshi mjini, ameolewa na ana watoto wawili. Mtaani wanamwita kwa kazi yake, nami nitamwita hivyohivyo: Fundi. Alifika kwetu fiziotherapia mwezi wa Oktoba akiwa na barua fupi ya daktari wa mishipa ya fahamu: maltipo sklerosisi (ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo) ya aina inayolipuka na kutulia, mguu wa kulia ni dhaifu na unakakamaa, anaanguka, anachoka kupita kiasi. Ameniruhusu kuandika habari zake, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Nawaandikia wenzangu wa fiziotherapia, na familia zilizotajiwa jina la ugonjwa huu zikarudi nyumbani bila kuelewa. Ninalotaka kusema ni moja. Kwa mgonjwa wa maltipo sklerosisi, saa ya siku na joto la mahali ni sehemu ya uchunguzi, tena sehemu kubwa. Mtu anayetembea vizuri saa mbili asubuhi anaweza kuburuta mguu saa tisa alasiri, naye ni yuleyule. Ukimpima mara moja tu, umempima nusu.

Ulivyoanza

Miaka mitatu kabla hatujamwona, jicho lake la kushoto lilianza kuuma kila alipolizungusha, na baada ya siku chache likaingia ukungu. Aligundua kazini. Uzi mwekundu ambao jicho la kulia liliuona mwekundu, la kushoto liliuona umepauka, na kuna sketi aliyoitia zipu kwa uzi usioendana, mwenyewe akaja kuirudisha. Alipewa dawa ya matone. Wiki kadhaa baadaye jicho likarudi karibu kama lilivyokuwa na kila mtu akasahau. Leo tunajua ulikuwa uvimbe wa mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda ubongoni. Maumivu ya kuzungusha jicho pamoja na rangi nyekundu kupauka ni jozi ambayo mhudumu yeyote wa afya akiisikia asiishie kwenye matone.

Mwaka uliofuata ganzi ilimpanda kutoka nyayoni hadi kiunoni, na chini ya kifua akawa anahisi mkanda unaombana ambao haupo. Akiinamisha shingo kukata kitambaa, shoti inamshuka mgongoni hadi miguuni. Alitibiwa taifodi, kisha akatibiwa mgongo. Ganzi ikapungua yenyewe kwa miezi miwili hivi. Nyumbani yalisemwa mengi, pamoja na kwamba kuna mtu amemchezea kwa wivu wa wateja. Siwalaumu waliosema hivyo. Ugonjwa unaokuja na kuondoka bila homa wala kidonda unawaacha watu watafute maelezo pale wanapoweza kuyapata.

Kilichompeleka hospitali ya rufaa ni mguu. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na mguu wa kulia ukaanza kutikisika wenyewe juu ya pedeli, tik-tik-tik, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Akitoka kazini anajikwaa kwenye ardhi tambarare. Mkojo nao ukimjia haumpi nafasi ya kusubiri.

Safari hii alichunguzwa barabara. Picha ya MRI, inayoonyesha ndani ya mwili kwa sumaku, ilionyesha makovu kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo, mengine mapya na mengine ya zamani, katika sehemu ambazo ugonjwa huu huzipenda. Maji ya uti wa mgongo yalionyesha dalili kwamba kinga ya mwili inafanya kazi isiyotakiwa humo ndani. Kabla ya kutaja jina, daktari aliondoa mengine: Virusi vya Ukimwi, kaswende, kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho, upungufu wa vitamini B12. Akaomba pia kipimo cha kingamwili za ugonjwa wa Devic, ambao nao hushambulia macho na uti wa mgongo na unafanana sana na huu. Hili nalisisitiza kwa sababu kwa watu wenye asili ya Afrika ugonjwa wa Devic si wa kupuuzwa hata kidogo, na baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi humzidishia hali mwenye Devic. Kipimo kilirudi hakina kitu. Vigezo vinavyotumika duniani, vilivyotolewa mwaka 2001 na kamati iliyoongozwa na Ian McDonald na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, vinataka uthibitisho kwamba madhara yametawanyika mahali tofauti na nyakati tofauti, na kwamba hakuna maelezo mengine yanayofaa zaidi. Jicho, kiuno na mguu wa Fundi vilikuwa vimekwisha kusema hivyo kwa miaka mitatu.

Alipewa methilprednisoloni ya mshipani, dawa ya kutuliza uvimbe, gramu 1 kwa siku, siku tano. Kisha akaanzishiwa rituksimabu ili kupunguza milipuko ijayo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za maltipo sklerosisi kwa mara ya kwanza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na hiyo ni mojawapo.

Ugonjwa wenyewe, kwa ufupi

Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu huko Paris mwaka 1868. Kinga ya mwili inashambulia mayelini, yaani utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi za mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo na kuziwezesha kupitisha taarifa kwa kasi. Utando ukichubuka, taarifa inachelewa, inapungua au inakatika. Mlipuko ukipoa mwili hukarabati kiasi, na ndiyo maana jicho la Fundi lilirudi. Lakini ukarabati haurudishi yote, na nyuzi zenyewe hufa polepole.

Hukadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Wengi huanza kuugua kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Kadiri unavyoikaribia Ikweta wagonjwa wanaoripotiwa ni wachache, na Moshi iko nyuzi kama 3 tu kusini ya Ikweta. Naamini hiyo ni sehemu ya sababu ya kuchelewa kwake kutambuliwa: hakuna aliyekuwa anautafuta. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard waliofuatilia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani walionyesha kwamba hatari ya kuupata hupanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Ila virusi hivyo vinawapata karibu watu wazima wote, kwa hiyo peke yake havitoshi kuuleta. Na ugonjwa wenyewe hauambukizi. Hilo tulilisema mara nyingi, maana wapo wateja waliokuwa wameanza kumkwepa.

Swali la mama mkwe

Siku ya kwanza Fundi alikuja asubuhi na mapema, kumepoa, akisindikizwa na mama mkwe wake ambaye kwao ni Kibosho, juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Vipimo vilitoka vizuri kuliko barua ilivyonitayarisha. Kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kukaa: sekunde 13. Kutembea dakika 6: mita 340. Mizania kwa kipimo cha Berg: 47 kati ya 56. Nguvu ya kuinua wayo wa kulia: 4 kati ya 5. Misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, ilikuwa imekaza kwa daraja la 2 kwenye kipimo cha Ashworth, na nikisukuma wayo kwenda juu kwa ghafla mguu unatikisika bila kukoma. Akisimama miguu pamoja na kufumba macho, anayumba. Kwenye dodoso la uchovu alipata wastani wa 5.9 kati ya 7. Vipimo vya mwili na dodoso vilikuwa vinaeleza watu wawili tofauti.

Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa amenyamaza muda wote.

"Mama, na wewe nyumbani unamwonaje?"

"Mwanangu, mimi sina ubaya na huyu mkwe wangu, nampenda. Ila niambie wewe uliyesoma. Asubuhi anaimba, anashona, anawachekesha wateja. Jua likipanda, amelala. Jioni kukipoa, ameamka tena. Ni ugonjwa gani unaotazama saa?"

Fundi aliinamisha kichwa. Nilielewa kwamba swali hilo limekwisha ulizwa nyumbani, tena kwa maneno makali zaidi ya hayo, na kwamba jibu lililokuwa limekubaliwa ni uvivu.

Katika faili lote hapakuwa na maelezo bora ya ugonjwa huu kuliko ya yule mama. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi na kurudi baada ya kupumzika. Baadaye ikafahamika kwamba kinachofanya hivyo ni joto la mwili kupanda. Uzi wa fahamu uliochubuka unapitisha taarifa kwa shida, na joto likipanda hata kwa nusu nyuzi unaweza kushindwa kabisa. Kabla ya MRI, madaktari walikuwa wakimwingiza mgonjwa kwenye maji ya moto ili dalili zijitokeze. Mwili ukipoa, dalili huondoka. Hakuna kinachoharibika zaidi, ila mtu aliyepatwa hajifanyi.

Nilimuuliza mama kuhusu mfereji wa kule kwao, ule wa kumwagilia vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Kingo zikibomoka, maji yanafika shamba la chini? "Yanafika, kidogo, na yamechelewa." Na jua likiwa kali? "Hayafiki, yanaishia njiani." Nikamwambia: anayefungulia maji huko juu yupo na anafungulia kila siku, kilichobomoka ni kingo. Alimtazama mkwe wake kwa muda. Hakusema kitu siku hiyo.

Vipimo vya alasiri

Tulimwita siku nyingine, saa tisa alasiri, baada ya kukaa kazini kwake. Sikutaka iwe siku ileile, maana uchovu wa vipimo vya asubuhi ungechanganyika na joto tusijue kipi ni kipi. Kuinuka na kutembea: sekunde 21. Dakika 6: mita 245, na alisimama njiani mara mbili. Berg: 41. Nguvu ya kuinua wayo ilikuwa 3, na kila hatua ncha ya kiatu ilikwaruza sakafu. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu tena.

Siku ya tatu alikuja saa ileile ya alasiri, lakini kabla ya kumpima tulimkalisha nusu saa kwenye kivuli, taulo mbichi shingoni na mapajani, miguu kwenye beseni la maji, akinywa maji ya baridi kidogokidogo. Kuinuka na kutembea: sekunde 16. Jicho likafunguka.

Natamani kila idara ya fiziotherapia ijaribu hili kwa mgonjwa wa namna hii. Halihitaji mashine. Linahitaji taulo na miadi ya alasiri, na linakupa mambo matatu kwa mpigo: unajua udhaifu upi ni wa kudumu na upi unaletwa na joto, mgonjwa anajiona kwa macho yake kwamba hakuwa akijisingizia, na familia inaona pia. Mume wake alikuwepo siku ya taulo. Alikuwa mkimya kama mama yake, lakini wiki ile alinunua ndoo yenye mfuniko na akaanza kuchukua barafu za mifuko kwa jirani mwenye friji.

Pasi ya mkaa na sare za shule

Malengo aliyataja Fundi mwenyewe: kushona msimu wa sare za Januari bila kurudisha pesa za watu, kwenda chooni usiku bila kuanguka, na kupanda Kibosho Krismasi pamoja na familia. Sikuongeza langu.

Tatizo ni kwamba Januari hadi Machi, kabla ya masika, ndiyo joto la Moshi mjini, mchana unapita nyuzi 30, na ndiyo miezi ya sare. Kibanda chake kimeezekwa bati bila dari. Ndani yake kuna pasi ya mkaa. Yaani alikuwa akifanya kazi mahali ambapo, kama mtu angetaka kuamsha dalili za ugonjwa wake kwa makusudi, asingepata pazuri zaidi.

Kwanza wazo lilikuwa ahamie Kibosho kwenye ubaridi. Tulilijadili kwa dhati, na yeye ndiye aliyelikataa: kule ni miteremko, masika ni utelezi, choo kiko mbali na nyumba, na wateja wako mjini. Alikuwa sahihi. Ubaridi usingelipa gharama ya miteremko kwa mtu ambaye wayo hauinuki.

Basi tulibadilisha siku. Kukata na kushona kunaanza saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne na nusu asubuhi. Saa za katikati ni za kupumzika kweli, amelala chini, si kukaa na kupokea wateja. Vifungo, lupi na kazi za mkono ni jioni. Pasi imetoka nje ya kibanda na haishiki yeye. Mama mkwe ndiye aliyeichukua. Alisema tu, "Pasi nipe mimi," na tangu hapo sare zote za Fundi zinanyooshwa na mama mkwe chini ya mwembe. Chini ya bati wamefunga turubai la kuzuia joto na upande mmoja wa kibanda umefunguliwa upepo upite. Khanga iliyoloweshwa inakaa shingoni muda wote wa kazi.

Cherehani nayo ilihitaji kufikiriwa. Mtikisiko wa mguu unaamshwa na misuli ya nyuma ya mguu kuvutwa ghafla, na mtu anayekanyaga pedeli kwa ncha ya wayo anafanya hivyohivyo kila mzunguko. Tulipandisha kiti, tukasogeza wayo wa kulia ili uzito ukae kisiginoni, na mguu wa kushoto ukapewa kazi ya kusukuma. Mtikisiko ulipungua siku hiyohiyo. Baadaye aliongeza mota ndogo, kikanyagio chake kikawekwa upande wa kushoto. Umeme ukikatika anarudi kwenye pedeli.

Mazoezi

Kwa miaka mingi wagonjwa wa maltipo sklerosisi waliambiwa wasifanye mazoezi, wapumzike, wasijichoshe. Ushauri huo ulizaliwa na hofu ya joto, na ulidhoofisha watu ambao ugonjwa wenyewe haukuwa umewadhoofisha kiasi hicho. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya wiki 15 za mazoezi ya kuongeza pumzi, yaani yale yanayoufanya moyo uende mbio: washiriki walipata nguvu na maisha yao yakawa bora, bila ugonjwa kuzidi. Miongozo ya sasa kwa mtu mzima mwenye ulemavu mdogo au wa wastani ni mazoezi ya pumzi ya wastani kwa dakika 30, mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Mtu hufika huko polepole.

Fundi alianza na kutembea dakika 2, kusimama dakika 1, mara tano, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye barabara tambarare. Kila wiki tuliongeza kidogo. Mazoezi ya nguvu yalikuwa ya kuinuka kitini bila kushika, kupanda ngazi moja na kushuka, kusukuma mguu pembeni huku ameshika ukuta ili nyonga ziimarike, na kuinua wayo akiwa amekaa. Marudio 8 hadi 12, kisha kupumzika mpaka mguu urudi ulivyokuwa. Kabla ya kuanza anakunywa maji ya baridi. Kanuni tuliyompa ni hii: dalili zinazozidi wakati wa zoezi na kutulia ndani ya saa moja ni joto, zisimtishe; zikifika kesho yake, zoezi lilikuwa kubwa, lipunguzwe.

Misuli iliyokaza ananyoosha kila siku. Anasimama nusu ya mbele ya wayo ikiwa juu ya kipande cha ubao kilichokatwa kwa mteremko, magoti yamenyooka, mikono ukutani, dakika moja, mara kadhaa. Daktari alimpa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, kwa dozi ndogo jioni. Wenzangu, msikazanie kuondoa kukaza kote. Kuna siku mguu uliokaza ndio unaomsimamisha mgonjwa, na ukiulegeza mno goti linakunjika.

Kuhusu wayo unaoburuta, Moshi tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: TATCOT, chuo kilichoko hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981. Alitengenezewa kifaa chepesi cha plastiki cha kushikilia wayo. Alikiogopa, akidhani mguu utazoea na kulala. Tulikubaliana akivae alasiri na kwenye safari ndefu tu, na ndani ya kiatu cha kufunga. Ndala tuliziondoa kabisa. Kusema kweli anakivaa mara chache kuliko ningependa. Anasema wateja wanakiangalia kabla ya kumwangalia yeye.

Usiku ulikuwa na hatari yake. Choo kiko uani, na gizani macho hayamsaidii tena kusahihisha miguu isiyohisi ardhi vizuri, ndiyo maana alianguka zaidi usiku. Taa ya sola ilifungwa njiani, mume akachimbia nguzo na kufunga bomba la kushika, na chumbani kukawekwa ndoo kwa usiku wa mvua. Mazoezi ya mizania tulifanya kwa kusimama juu ya godoro lililokunjwa, kwanza macho wazi, kisha yamefumbwa, kona ya ukuta nyuma yake. Lakini taa na bomba vilizuia mianguko zaidi ya godoro, na sioni aibu kusema hivyo.

Desemba

Wiki ya pili ya Desemba mume alipiga simu. Mguu umekaza kama gogo, Fundi hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa, ugonjwa umerudi. Walikuwa tayari wanatafuta pesa za dripu nyingine ya methilprednisoloni.

Mlipuko wa kweli ni dalili mpya au iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24, bila homa wala maambukizi. Kwa hiyo swali la kwanza ni maambukizi. Nilimuuliza Fundi kuhusu mkojo. Kimya kidogo, kisha akasema unachoma, kwa siku kadhaa. Alikuwa ameacha kunywa maji mchana ili asikimbilie chooni mbele ya wateja, jambo ambalo hakuwa ametuambia wala sisi hatukuwa tumelijua. Kipimo cha mkojo kilionyesha maambukizi. Alitibiwa kwa antibayotiki, na baada ya siku nne mguu ulirudi ulivyokuwa. Dripu haikuhitajika.

Kwa mgonjwa huyu mguu unaokaza ghafla ni taarifa kutoka mahali pengine: kibofu, choo kigumu, kidonda cha mgandamizo, hata nguo inayobana. Mwili hauhisi vizuri chini ya kiuno, kwa hiyo unalalamika kwa njia ya misuli. Tulipanga upya maji: glasi kila baada ya muda hadi jioni, kwenda chooni kwa saa badala ya kusubiri kubanwa, na mazoezi ya misuli ya nyonga ya ndani ya kuzuia mkojo. Haya ni mazungumzo ya aibu, na mara nyingi mwanamke hawezi kuyaanza mbele ya mume na mkwe. Muhudumu aombe dakika za faragha na aulize mwenyewe.

Krismasi alipanda Kibosho. Bodaboda ilimfikisha hadi mlangoni, akapewa kiti kivulini na beseni la ndizi za kumenya, na jioni akacheza na watoto. Shangazi mmoja alisema bibi mdogo anakaa tu. Mama mkwe alimjibu kabla ya mtu mwingine yeyote kufungua mdomo.

Hali ilivyo sasa

Mwishoni mwa Januari tulirudia vipimo, asubuhi na alasiri. Asubuhi: sekunde 11, mita 385, Berg 51. Alasiri, bila kupozwa: sekunde 16, mita 310, Berg 46. Uchovu umeshuka kutoka 5.9 hadi 4.7, ambao bado ni uchovu mwingi. Nguvu ya kuinua wayo haijabadilika, asubuhi 4 na alasiri 3, na sitegemei ibadilike sana. Njia ile ya fahamu imeharibika. Kilichoongezeka ni nyonga na mapaja, pumzi, na akili ya kupanga siku. Sare zote za msimu alizimaliza, ingawa alichukua oda chache kuliko mwaka uliotangulia. Hajaanguka tangu bomba lifungwe.

Huzuni tuliiuliza pia. Kuna wiki alilia sana, na daktari wake analifuatilia.

Wiki iliyopita alikuja na jambo jipya. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, siku ya nne sasa, na hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kuvitazama vidole vyake vinapoishika. Hana homa, mkojo ni safi, na ganzi ipo asubuhi kwenye ubaridi sawasawa na alasiri. Nilimpigia daktari wa mishipa ya fahamu akiwa bado amekaa mbele yangu. MRI mpya imepangwa. Mpaka majibu yatoke tumesimamisha mazoezi ya nguvu. Kutembea asubuhi, kunyoosha misuli, maji na khanga mbichi vinaendelea, na kutunga uzi anafanyiwa na binti yake mkubwa.